Sekunde Nne za Kimya

Mashine yenyewe haikuwa kubwa kuliko kipande cha sabuni ya kufulia. Ilikuwa kompyuta ya bodi moja, ya bei ya chini, isiyo na kioo wala kibodi, na nilikuwa nimeitia ndani ya kopo tupu la mafuta ya kukamulia ng'ombe. Nilitoboa kopo kwa msumari ili hewa ipite, nikaliweka kwenye rafu ya dawa za minyoo katika duka moja la dawa za mifugo mjini Kitale. Kutoka hapo liliendesha simu za maduka mawili, hilo la Kitale na lingine la Bungoma, kwa karibu mwaka mzima. Baadaye, watu waliosikia yaliyotokea Ndalu waliomba kuiona. Wote walitarajia kitu kikubwa zaidi.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na shahada ya kompyuta, kisha nikakaa miaka miwili nikitengeneza simu zilizotumbukia chooni. Daktari wa mifugo mwenye maduka hayo mawili ndiye aliyenitoa huko. Wakulima walikuwa wakipiga namba ya Kitale wakiambiwa daktari yuko Bungoma, wakipiga ya Bungoma wanaambiwa ameshaondoka kwenda Kitale. Alitaka namba moja itakayomfikia popote. Kampuni fulani ilikuwa imemtajia bei ya mtambo wa simu iliyolingana na ng'ombe wawili wa gredi. Nikamwambia nitamfanyia kwa bei ya mbuzi.

Sikumdanganya. Programu za kuendesha simu ni za bure kwa anayejua kuzisoma. Nilinunua hiyo kompyuta, modemu mbili za kutia laini, na betri ya kushikilia stima inapopotea. Simu kuukuu za wafanyakazi nikazigeuza kuwa simu za ofisi kupitia mtandao wa duka, hata Kitale na Bungoma zikawa zinaongea bila kulipa senti. Mkulima akipiga, mashine ilipokea kwenye mlio wa kwanza na kumwambia abonyeze moja kwa dawa na vyakula, mbili kwa daktari. Siku za kazi, mbili ilimtafuta daktari hadi ampate. Jumapili haikumtafuta. Ilirekodi ujumbe, ikamtumia kwenye simu yake, naye akawa anasikiliza kila baada ya saa moja na kuwapigia wenye dharura.

Sauti ya mashine ilikuwa yangu. Daktari hakuona haja ya kumlipa mtu wa redio. "Si wewe unaongea Kiswahili kizuri," alisema. Basi nikajifungia katika stoo ya vyakula vya kuku, nikajirekodi kwa simu yangu. Karibu. Sema shida yako baada ya mlio. Na mwishoni: Asante. Ujumbe wako umepokelewa. Daktari atakupigia.

Kabla ya mashine, simu zote za Bungoma zilipokelewa na mwanamke mmoja wa makamo aliyekuwa akiishi nyuma ya msikiti, mtu wa ushungi na kalamu mbili. Wiki yangu ya kwanza niliketi kando yake na saa ya simu yangu nikimpima. Mzee mmoja wa Naitiri alipiga. Yule dada akamuuliza alivyoamka, akamuuliza watoto, akamuuliza mama wa watoto, akauliza mvua, akauliza kama mahindi yameshapaliliwa. Mzee naye akamrudishia yote, moja moja. Ng'ombe alitajwa mwishoni kabisa, kwa maneno machache, kama mtu anayekumbuka mwavuli wake akiwa mlangoni.

"Dakika sita," nilimwambia alipokata. "Ng'ombe amepata nusu dakika."

"Na wewe ungefanyaje?"

"Ningemuuliza ng'ombe ana nini."

Alicheka bila kuniangalia. "Ukimuuliza hivyo atakuambia ng'ombe anakohoa. Ukimwacha asalimu kwanza, atakuambia anakohoa tangu Jumanne, na kwamba wamempa dawa ya binadamu, na kwamba anaogopa daktari atamgombeza. Wewe unataka gani?"

Nilidhani anatetea kazi yake. Nilikuwa na tabia hiyo, na sijui kama imeniisha, ya kusikia sababu ya mtu na kutafuta mara moja faida yake ndani ya sababu hiyo. Kanisani niliuliza kwa nini sadaka inahesabiwa na watu wa ukoo mmoja. Chuoni niliuliza kwa nini tunafundishwa na watu ambao hawajawahi kuunda chochote. Na salamu nilikuwa nikiziuliza tangu utotoni: mtu anakuuliza habari, unasema nzuri, hata kama si nzuri, naye anajua si nzuri. Nani anafaidi? Mashine ilipowashwa, yule dada alihamishiwa kwenye mizani ya vyakula vya kuku. Alikwenda na kalamu zake mbili.

Nilipokuwa nikiandika maagizo ya mashine ilibidi niamue mambo madogo mengi, na mojawapo lilikuwa kimya. Kadi ya kumbukumbu niliyoweka ilikuwa ndogo. Watu wengine walimaliza kusema wakaiacha simu wazi mfukoni, na mashine ikaendelea kurekodi upepo na kuku. Kwa hiyo kuna mahali unaandika sekunde: mpigaji akinyamaza kwa muda huu, funga ujumbe, mshukuru, kata. Nilijaribu mbili, nikaona ni chache. Nilijaribu nne. Nilisimama pale stooni nikazungumza peke yangu, nikapumzika kati ya sentensi, na sikuwahi kufika nne. Zilionekana nyingi kabisa. Nilijipima mwenyewe, mtu asiyengoja jibu la mtu.

Dada ya baba yangu aliolewa Ndalu. Kwetu shangazi ni senge, na huyo ndiye senge pekee niliyemjua. Hakujaliwa mtoto. Maziwa ya ng'ombe wake yalinilipia nusu ya chuo, na hakunitajia jambo hilo hata siku moja. Mume wake alipofariki, ndugu za marehemu walikaa kikao kuhusu mali. Mali yenyewe ilikuwa ng'ombe mmoja wa maziwa, nyumba ya mabati, na kipande cha shamba chini ya barabara kilichopandwa majani ya napia. Walikata hivi: ng'ombe ni wa marehemu, kwa hiyo atarudi kwa ndugu zake. Lakini kwa kuwa ana mimba, na mjane ndiye aliyemlisha, ndama atakuwa wa mjane. Na kwa kuwa ndama lazima ale, kipande cha majani kitabaki kwa mjane. Ndama asipokuwapo, hapakuwa na sababu ya majani.

Nilimwambia senge kwamba kikao hicho hakina nguvu, kwamba sheria inamlinda mjane, aende kortini.

"Korti iko Bungoma," alisema. "Mimi nalala hapa."

Basi kwa miezi hiyo yote maisha yake yalikuwa ndani ya tumbo la ng'ombe. Alimkatia majani mwenyewe, alimpikia maji ya uvuguvugu, alilala kwa kukatizwa. Na alinipigia. Nilikuwa nikiona jina lake kwenye simu nikiwa katikati ya kazi, naamua kama nina dakika kumi. Senge hakujua kupiga simu fupi. Alisalimu, akangoja. Ukimjibu, akasalimu tena kwa upande mwingine: baba yako, mgongo wake, mvua ya Kitale, mwenye nyumba wako. Kila swali aliliacha likae. Mara nyingine nilidhani laini imekatika, na kumbe yuko pale, anangoja nimalize kufikiri.

"Senge, sema tu," nilikuwa nikimwambia. "Kredo yako inaisha."

"Wacha iishe. Si ni yangu?"

Alhamisi moja alinipigia akaniambia kiwele kimejaa na mifupa ya mkia imelegea, wiki hii haiishi kabla ng'ombe hajazaa. Nilikuwa na kiunganishi cha modemu mdomoni na bisibisi mkononi. Nikamwambia ikifika siku asinipigie mimi, mimi si daktari, nitamchelewesha bure. Apige namba ya duka, abonyeze mbili. Mashine haichoki, haiendi chooni, haiko kwenye mkutano. Nikamfanya arudie namba mara tatu.

"Na nani anashika?" aliuliza.

"Mimi," nilisema. "Ni sauti yangu utasikia."

Nilisema hivyo ili asiogope. Nilifikiri ni jambo jema.

Jumapili hiyo nilikuwa dukani Kitale peke yangu, mlango nusu, nikibadilisha betri. Saa nane na kitu mchana daktari alinipigia. Alikuwa kwake, nasikia vijiko na watoto.

"Shangazi yako wa Ndalu ameingia kwa laini ya wagonjwa," alisema. Alikuwa anacheka. "Mara mbili. Anakusalimia wewe."

"Ananisalimia kwa mashine?"

"Anauliza mgongo wa baba yako. Sasa mimi nimjibu niseme nini?"

Tulicheka wote wawili. Nilikuwa nimepiga magoti chini ya rafu, nyaya mbili mkononi, na niliona picha yake waziwazi, senge akiliamkia kopo la mafuta ya kukamulia. Nilikuwa najua kwamba ng'ombe ni wa wiki hii. Nililijua neno hilo tangu Alhamisi. Lakini daktari alisema salamu, na kichwani mwangu salamu ilikuwa kitu ambacho hakina kitu ndani yake.

"Futa tu," nilimwambia. "Nitampigia jioni."

Nilimpigia jioni, saa kumi na mbili, nikiwa nimeshafunga duka na kununua mkate. Alipokea mara moja.

"Umepiga," alisema. "Nilijua utapiga. Mulembe, mama."

Nikamjibu mulembe, amani, salamu ya kwetu; mama ndivyo alivyoniita mimi, binti wa ndugu yake.

"Umeshindaje?"

"Vizuri, senge."

"Kazi haijakuchosha?"

"Haijanichosha."

"Mvua ilikuja huko?"

"Ilikuja kidogo."

"Hapa haikuja. Baba yako anatembea sasa?"

"Anatembea."

"Ni vizuri." Akanyamaza, nami kwa mara ya kwanza sikumwambia aseme tu, kwa sababu nilisikia nyuma yake sauti za wanaume na panga likinolewa kwenye jiwe. "Sasa mama, ile ng'ombe imeenda. Na ndama pia. Ndio wanatoa ngozi."

Yaliyotokea aliniambia kidogo kidogo siku iliyofuata, nilipofika Ndalu. Ng'ombe alianza uchungu baada ya kanisa. Ukaonekana mkia badala ya miguu, na senge, aliyezalisha ng'ombe maisha yake yote, akajua ndama amekaa vibaya. Akapiga namba niliyomfundisha, akabonyeza mbili. Akasikia sauti ya mtoto wa ndugu yake ikimkaribisha na kumwambia aseme shida yake. Kwa kawaida yake, na ya watu wote niliokulia kati yao, huwezi kumtupia mtu shida usoni kabla hujajua kama yeye mwenyewe yu mzima. Akanisalimia. Akangoja nijibu.

Nikamwambia asante, ujumbe wako umepokelewa, daktari atakupigia.

Akadhani simu imekatika. Akapiga tena, akauliza mgongo wa baba, akangoja. Nikamshukuru tena kwa sauti ileile, bila haraka.

"Nikasema, huyu yuko na kazi nyingi," senge aliniambia. Tulikuwa tumesimama kando ya zizi, na sakafu ilikuwa imeshamwagiwa jivu. "Lakini amejua. Si nilikuambia Alhamisi? Nikasema, akisikia ni mimi atajua ni ng'ombe. Na si ulisema daktari atapiga."

"Ile haikuwa mimi, senge. Ilikuwa nimerekodi."

"Ilikuwa wewe," alisema. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananisahihisha.

Jirani alikuja kushika kamba. Akauliza kama amwite mtu wa Naitiri, msaidizi wa mifugo asiye na duka wala gari lakini mwenye pikipiki na mikono myembamba, ambaye angefika kabla ya nusu saa. Senge akamkataza. Aliogopa wataalamu wawili wakikutana zizini watamgombania ng'ombe, na daktari atakasirika. Daktari amepigiwa, alisema, na aliyepokea ni mtoto wa ndugu yangu. Alipoona saa inapita alitaka kupiga tena, lakini kredo ilikuwa imebaki kidogo, na alipojaribu kuflashi, kupiga na kukata kabla haijapokelewa kama tulivyokuwa tunafanya zamani ili tupigiwe, mashine ikapokea kwenye mlio wa kwanza na kumlia senti zilizobaki. Nilikuwa nimejivunia hilo, mlio wa kwanza. Akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, simu mkononi, akimwangalia ng'ombe. Alikaa hivyo mpaka ng'ombe akalala ubavu.

Daktari, nilipomweleza, alisema ndama aliyekaa hivyo pengine angemkuta amekufa. "Ng'ombe ningemwokoa," aliongeza. "Ndama sijui." Nimelishika hilo sijui na kulizungusha pande zote. Kuna siku nalitumia kujipa nafuu: kama ndama angekufa tu, senge angepoteza majani yake vilevile, mashine au hakuna mashine. Kuna siku naona ni nafuu ya mtu anayetafuta faida yake ndani ya sababu. Sina njia ya kujua.

Kikao cha ndugu za marehemu kilifanyika Jumamosi, sebuleni kwa shemeji mkubwa wa senge, viti vya plastiki vikiwa vimeegemezwa ukutani hadi mlangoni. Walikuwa wameagiza nije na mashine. Nililitoa kopo kwenye begi langu na kuliweka mezani juu ya kitambaa cha kusuka, waya umening'inia. Shemeji mdogo alilichukua, akaligeuza, akachungulia kwenye mashimo ya msumari.

"Hii ndiyo ilisema asante?"

"Ndiyo."

"Kopo ya mafuta."

"Iko kitu ndani," nilisema.

"Iko kitu ndani," alirudia kwa wenzake, na wachache wakacheka. "Basi msomi, iwashe tuisalimie. Labda leo itatujibu."

Shemeji mkubwa akamwambia atulie. Yeye alikuwa mpole, na upole wake ulikuwa mbaya zaidi. Alisema wao pia wamepoteza, kwa kuwa ng'ombe alikuwa anarudi kwao. Alisema hawana ubaya na mtu, wala hawasemi mjane ana makosa. "Lakini sisi tulisema ndama," alisema. "Kila mtu hapa alisikia. Sasa ndama iko wapi?"

Nilisimama. Nilikuwa nimejitayarisha usiku mzima. Nikasema juu ya katiba, juu ya sheria ya urithi, juu ya haki ya mjane kukaa katika mali ya ndoa hadi kufa kwake. Nilisema vizuri. Nilimuuliza kila mmoja wao kwa macho. Nikasema mkataba unaofungwa kwenye tumbo la mnyama si mkataba. Shemeji mkubwa alinisikiliza hadi mwisho, akitingisha kichwa kwa heshima.

"Mama, umesoma na tunafurahi," alisema. "Lakini siku tulisema hayo ya ndama, wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa Kitale. Nilikuwa nikitoboa kopo.

"Wacha, mama," senge aliniambia kutoka kwenye kiti chake kando ya mlango. "Kaa chini."

Kipande cha majani kilikatwa wiki ileile, napia ikaenda kwa ng'ombe wa shemeji mdogo. Nyumba walimwachia, na walisema hivyo mara nyingi, kwamba nyumba ni yake, hakuna anayemfukuza. Akabaki na mabati na kuta, bila mfugo, bila shamba, katikati ya watu wanaopita asubuhi na ndoo za maziwa. Nilimsihi tena aende kwa mwanasheria, nikasema nitasimamia mambo yote. Alinijibu kwamba amechoka kungoja wakubwa. Alivumilia hadi mavuno. Kisha alifunga vyombo vyake kwenye magunia mawili, akarudi Mabanga kwa baba yangu, nyumbani alikotoka akiwa msichana. Baba alimtolea mahindi kutoka chumba cha nyuma, akapaka chokaa. Kuna dirisha moja, linaangalia choo.

Mimi niliendelea na kazi. Lazima niseme hilo pia, kwamba sikuivunja mashine wala sikuacha kazi. Nilibadilisha namba, nne ikawa ishirini. Kisha nikafanya jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama ningekuwa naamini kuna cha kusikia. Nilichomoa kadi ya kumbukumbu, nikaitia kwenye kompyuta yangu, nikavaa visikizi na kuanza kufungua jumbe za Jumapili zote. Daktari alikuwa amefuta wa senge kwenye simu yake, lakini kadi ilikuwa imeuhifadhi. Sikuufungua kwanza. Nilifungua za wengine.

Nyingi zilikuwa sawa. Mtu anasema shida yake, anakata. Lakini kati yao kulikuwa na wazee, wanawake hasa, wanaosema hujambo binti, halafu kimya, pumzi, mbwa kwa mbali, na mimi nikiwashukuru. Mmoja alicheka kidogo kwa aibu alipoona sijajibu. Mwanamume mmoja aliuliza habari za hapo, akangoja, akasema kwa upole kama anayeondoka kwenye mlango wa mtu aliye na wageni, "Haya, nitapiga wakati uko na nafasi." Alikuwa amengoja sekunde tatu kabla ya kusema hivyo. Sijui ng'ombe wake alikuwa na nini. Hakupiga tena, nilitafuta namba yake kwenye orodha yote. Sikuhesabu walikuwa wangapi. Nilikuwa nimeanza kuandika mistari kwenye karatasi, nikaacha.

Nilikwenda Bungoma, nikamkuta yule dada akifunga gunia la chakula cha kuku kwa sindano ndefu. Nilimwambia nataka arudi kwenye simu, mashine itabaki kazi ya kuita na kuunganisha, yeye ndiye atakayeongea, Jumapili pia. Alikuwa ameshasikia habari za Ndalu. Nilingoja aniambie kwamba alishanionya. Alikung'uta vumbi la pumba mikononi.

"Shangazi yako anaendeleaje?" aliuliza.

"Yuko Mabanga."

"Analala?"

"Sijui. Nadhani analala."

"Na wewe?"

Aliniacha na swali lake mpaka mwenye duka la jirani alipokuja kuuliza bei ya pumba. Jumapili yeye hakuitaka bure, alidai malipo yake, na daktari akalipa. Simu za Bungoma sasa zinachukua dakika sita tena.

Ujumbe wa senge niliusikiliza baadaye, mara moja. Nitasema tu kwamba katika ule wa pili, kati ya swali la mgongo wa baba na asante yangu, ng'ombe anasikika. Si sauti kubwa. Mtu asiyejua angedhani ni kiti kinasogezwa.

Huwa namtembelea Mabanga mwisho wa mwezi. Anapika, ananiuliza habari za kazi tukiwa tumeketi, na uso kwa uso bado ni yuleyule, anangoja majibu. Simu ndiyo imebadilika. Mara ya kwanza nilidhani ana haraka, au kuna mtu amemwazima simu. Sasa nimezoea. Inalia nikiwa kazini, naiweka sikioni, na kabla sijamaliza kusema mulembe anakuwa ameshaanza.

"Dawa ya presha imeisha," anasema. "Leta Jumamosi. Na betri ya tochi, zile kubwa."

"Sawa, senge. Umeshindaje?"

Lakini ameshakata. Juzi nilitazama kwenye kioo cha simu: sekunde tisa.